Wimbo wa Kutokea Mlangoni

Bajaji ilisimama mbele ya nyumba kumshusha jirani, na dereva, kama walivyo madereva wote wa Nyasubi, hakuona sababu ya kupunguza sauti ya spika. Serafina alikuwa jikoni akikoroga uji wa mama yake. Aliposikia wimbo unaanza aliuacha mwiko sufuriani, akatoka mbio na kandambili moja mguuni, akimpungia dereva mikono azime.

"Dada Fina, unazima wimbo wako mwenyewe?" dereva akacheka. "Wenzako wanalipa kuusikia."

"Zima, kaka yangu. Nina mgonjwa ndani."

Akazima, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio, pale sauti ya Serafina inapopanda, dufu la mumewe Masudi linapoingia, na biti ya harusi za Kisukuma inapowainua watu vitini. *Fungua mlango, Baba, mtu wako anakuja.* Kahama nzima ilikuwa inaucheza. Maharusi waliingia nao ukumbini, wachimbaji waliufungulia kwenye vilabu vya machimboni kote hadi Geita. Watu walipomuuliza Masudi aliwezaje kuchanganya kwaya ya Kikatoliki na dufu la kaswida, alijibu kwamba alioa mwanakwaya, mengine yakajileta yenyewe.

Jambo ambalo yeye na mkewe hawakulisema, hata kwa prodyuza, ni kwamba wimbo haukuwa wao. Ulikuwa wa Agatha, mama yake Serafina, aliyeutunga enzi za ujana wake kwa ajili ya kwaya ya kigango chao kule Ushirombo. Wala hakuutunga kwa ajili ya harusi. Aliutunga kwa ajili ya kutoa maiti ndani ya nyumba.

Serafina alirudi ndani na bakuli la uji. Agatha alikuwa ameegemea mto, macho yakiwa dirishani. Hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, yale wanayoambiwa watu ambao dawa zimeshindwa kuwaponya, na bintiye alikuwa amemleta mjini akae karibu naye. Tangu afike, redio ya nyumba ile ilikuwa haijafunguliwa.

"Aliyekuwa anaimba ni nani?" Agatha aliuliza.

Serafina alifikiria kudanganya. Lakini utamdanganyaje mtu kuhusu sauti aliyoifundisha yeye mwenyewe?

"Ni mimi, mama."

"Watu wanaufanyia nini?"

"Wanacheza."

"Wapi?"

"Kwenye harusi. Bibi harusi anaingia nao."

Vidole vya Agatha vilivuta uzi wa shuka, vikauvuta tena. "Nilimtoa baba yako kwa wimbo ule," alisema mwishowe. "Nikamtoa na dada yako. Sasa mimi nitatokaje mlangoni?"

"Mama, ule wimbo ndio unaotulisha. Kodi ya nyumba hii, dawa zako..."

"Ungeniuliza."

Ni kweli Serafina hakuuliza, na hakuuliza kwa sababu alijua angeambiwa nini. Alisogeza kijiko cha uji. Agatha akageuza uso ukutani.

"Nenda nyumbani Ushirombo," alisema akiwa ametazama ukuta. "Mwambie Samwel wa kwaya nikifa nitolewe kwa wimbo wangu, ule wenyewe. Uniletee jibu lake."

*

Kwaya ilikuwa kwenye mazoezi Serafina alipofika kigangoni, na alipokanyaga mlangoni wimbo ulikatika. Hakuna aliyemkaribisha. Alikaa kwenye benchi la nyuma, benchi la watu wanaochelewa misa, akiwa ameshika bahasha mkononi, na kwaya ikaendelea kana kwamba aliyeingia ni mbuzi. Humo humo ndimo alimojifunza kuimba. Aliondolewa alipofunga ndoa bomani na Masudi, na tangu hapo alikuwa hajarudi.

Mazoezi yalipokwisha, Samwel, mwenyekiti wa kwaya, alimfuata akiwa na Mama Melania, kiongozi wa jumuiya.

"Shikamoo mama. Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba," Melania alijibu. "Sisi sasa tukuiteje? Bado ni Serafina, au umepewa jina lingine huko?"

"Bado ni Serafina, mama."

"Na komunyo?"

"Sipokei. Unajua, mama."

"Ninajua. Nilitaka na hawa wasikie." Wanakwaya waliokuwa wanakusanya vitabu walijifanya wanahesabu kurasa.

Serafina alieleza hali ya mgonjwa na ujumbe wake, kwa maneno machache, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemnunia. Samwel alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya jibu lake liwe gumu zaidi kulipinga.

"Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja wa hapa sokoni," alisema. "Wabebaji walikuwa vijana waliotoka machimboni. Tukauanza wimbo wa mama yako kama siku zote. Wale vijana wakaanza kutikisa mabega. Hawakukusudia, nakiri. Miguu yao inaujua hivyo. Watu wakacheka, Serafina. Maiti iko mlangoni na watu wanacheka. Mjane akazimia. Tangu siku hiyo tumeuondoa."

"Lakini ni wa mama! Aliutunga yeye."

"Na aliyemnyang'anya ni wewe, si sisi."

"Nikiufuta je?"

"Utaufuta kwenye simu ya nani? Hata mwanangu anao." Samwel alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mama Agatha ametufundisha wote hapa. Tutamzika kwa heshima zake zote, wewe usiwe na wasiwasi. Ila si kwa wimbo ule. Na mumeo aje tu, msiba haumfukuzi mtu. Ila akae nje ya uzio, na ile ngoma yake tusiione."

Serafina alimpa Melania bahasha aliyokuja nayo, mchango wa kwaya. Melania aliishika kwa vidole viwili.

"Ni hela ya wimbo huohuo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi rudi nayo. Ukamnunulie mgonjwa matunda." Akamrejeshea mbele ya wote.

Ndani ya Noah ya kurudi Kahama, dereva aliweka muziki, na abiria waliposikia dufu walishangilia. Mmoja wao alimtambua Serafina, akaomba wapige picha. Alikubali. Kwenye picha ile anaonekana anacheka.

*

"Samwel kasemaje?" Agatha aliuliza.

"Amekubali."

"Amekubali hivihivi? Samwel?"

"Amekubali, mama."

Agatha alimtazama kwa muda, kisha akafumba macho. Hakuuliza tena. Lakini uji wa bintiye aliendelea kuukataa, akawa anaupokea kwa jirani aliyekuja kumjulia hali. Serafina alikuwa anaupika, anamkabidhi mgeni bakuli, anabaki kusimama koridoni kama mtumishi wa nyumba ya watu.

Masudi yeye hakuwahi kukanyaga chumba kile. Mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, na katika hilo dini zao mbili na makabila yao mawili havikuwa na ubishi. Alipokuwa na neno alisimama koridoni, nje ya pazia, akakohoa kidogo, akangoja aitikiwe ndipo aseme.

Alasiri moja alikohoa.

"Nani?"

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekuja kuniomba msamaha?"

Masudi alikuwa amekuja kwa hilo hasa, na maneno aliyoyapanga yakampotea yote. "Ndiyo, mama."

"Tutayafikia hayo. Kwanza niambie. Unapoipiga ile ngoma yako, unaangalia nini?"

"Siangalii kitu, mama. Biti ikishawekwa kwenye mashine, mimi naifuata."

"Ndipo mlipoharibu." Sauti ya Agatha ilikuwa imepata nguvu ambayo Serafina, akiwa anafua uani, alikuwa hajaisikia tangu mama yake alazwe. "Wimbo ule unafuata miguu. Mwimbaji yuko ndani na maiti, kwaya iko nje. Anatoa neno moja, kwaya inaitikia, wabebaji wanapiga hatua moja. Mpaka mguu utue. Milango yetu ni myembamba, kizingiti kimeinuka, na wale watu wana mzigo. Ukiwaharakisha wanajikwaa. Na kwaya isipoitika, jeneza halivuki. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Hujanielewa. Kalete hiyo ngoma."

Basi Masudi aliketi kwenye sakafu ya koridoni akiwa amepakata dufu lake. Upande wa pili wa pazia Agatha aligonga ubao wa kitanda kwa kidole. Masudi akapiga.

"Mapema mno."

Akapiga tena.

"Bado. Mguu haujatua huo. Umemtegua mtu."

Serafina aliacha kufua. Povu lilimkaukia mikononi akiwa anasikiliza, na alichokisikia kilimuuma kuliko maneno ya Melania. Mama yake alikuwa anamfundisha mtu mwingine. Aliona wivu, wivu wa waziwazi wa mtoto mdogo, akajichukia kwa kuuona.

"Hapo," Agatha alisema baada ya muda mrefu. "Hapo hapo. Usisogee."

Jioni Masudi alimkuta mkewe akianua nguo. "Mama anasema Samwel amekubali," alisema. "Amefurahi sana."

"Wamekataa."

Masudi alisimama na shati mkononi. "Fina! Mgonjwa haambiwi hivyo."

"Ungekuwa wewe ungemwambia nini?"

Masudi alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Na Jumamosi tuna harusi Masumbwe," alisema kwa sauti ndogo. "Wametaka wimbo huo huo bibi harusi akiingia. Na hela yao ya utangulizi tumeshaila."

"Ninajua tulichokila, Masudi."

*

Jumanne asubuhi Serafina alichovya kijiko kwenye uji, akakisogeza kwa mazoea tu, na Agatha akafungua mdomo. Alikunywa vijiko viwili kutoka mkononi mwa bintiye. Kabla ya cha tatu alikuwa amekwenda. Kama kule kunywa kulikuwa msamaha au kiu tu, Serafina hakupata kujua.

Alhamisi walikuwa Ushirombo. Uwanja ulijaa. Walikuja watu wa kigango, wakaja wa jumuiya na khanga zao za sare, na wakaja pia watu ambao hakuna aliyewatarajia: vijana wa machimbo, mabuti yakiwa na tope jeupe la duarani, kule shimoni. Walisikia kwamba mama yake Dada Fina amefariki, wakaona si vizuri kukaa bila kuja. Walijipanga kando ya uzio, na Masudi alikuwa nyuma yao, upande wa nje, karibu na pikapu iliyoleta jeneza. Dufu lilikuwa limebaki Kahama.

Ndani ya nyumba Serafina alisimama kichwani pa jeneza, peke yake na wabebaji. Mmoja wao, Mabula, mtoto wa jirani anayechimba dhahabu, alimpa pole kwa macho. Nje katekista alimaliza sala. Wabebaji wakainama, wakainua, wakasogea hadi kizingitini.

Samwel alitaja namba ya wimbo wa kitabuni. Kwaya ikavuta pumzi.

Serafina hakuwa ameamua kitu. Usiku wote alikuwa amejiambia atanyamaza, kwamba mama yake hasikii tena, kwamba ni aibu kuleta ugomvi juu ya maiti. Lakini alikiona kizingiti kile, kimeinuka kama mama alivyosema, akaviona vidole vya miguu vya Mabula vikitafuta pa kukanyaga, na mdomo wake ukafunguka.

*"Fungua mlango, Baba, mtu wako anakuja."*

Nyimbo mbili ziligongana hewani, na ule wa kwaya ukakatika. Samwel aligeuka kwa hasira. Melania alifumba mdomo ukawa mstari. Wanakwaya walitazama viatu vyao, na hakuna aliyeitika. Jeneza likabaki mlangoni, nusu kivulini, nusu juani. Watu wote wa kigango walijua maana yake: kwaya haijaitika, maiti haivuki. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa kwikwi. Serafina aliimba tena mstari uleule, na tena hakuna aliyeitika.

Ndipo vijana wa machimbo walipoutambua wimbo. Walidhani wanamsaidia. *"Anakuja, anakuja!"* wakaitika kwa nguvu, wakapiga makofi, mbiombio, kama walivyozoea, na mmoja akapiga mluzi. Mabega ya wabebaji yakashtuka. Mguu wa Mabula ukadunda kabla hajauzuia, jeneza likainama upande, likagonga fremu ya mlango. Kinamama wakapiga yowe.

"Mnaona?" Samwel alipaza sauti. "Mnaona jambo hili?"

Serafina alitamani ardhi immeze palepale alipo. Mama yake alikuwa ananing'inia mlangoni kama samani isiyopita, na aliyemfikisha hapo ni yeye, yeye mwenyewe kwa mdomo wake.

Kule nje ya uzio kitu kiligonga. Mara moja. Watu wakageuka. Masudi alikuwa ameweka kiganja kwenye bodi ya pikapu. Akangoja, kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana waliokuwa wanapiga makofi walijikanganya, wakaacha. Akagonga tena. Bati lilitoa mlio mzito. Hakumtazama Samwel wala mkewe. Alikuwa amenyoosha shingo juu ya uzio, macho yakiwa kwenye miguu ya wabebaji.

Serafina aliutambua mwendo ule. Ni wa koridoni. Ni wa kidole cha mama yake kwenye ubao wa kitanda.

Alishusha macho, akaitazama miguu. Mguu wa Mabula ulipotulia akatoa neno. *Fungua mlango, Baba.* Kiganja kikagonga. *Mtu wako anakuja.* Na kutoka kando ya uzio, sauti za wanaume waliokaukiwa na vumbi la miamba ziliitika, safari hii polepole, bila kofi hata moja: *"Anakuja... anakuja..."*

Mguu ukavuka kizingiti, ukatua.

*"Hana mzigo mkononi, mzigo ameuacha."*

*"Ameuacha... ameuacha..."*

Mguu wa pili. Kwaya haikuimba. Samwel alisimama na kitabu chake wazi, na baadaye akakifunga. Mwanakwaya mmoja mzee wa sauti ya pili alifungua mdomo, akamtazama mwenyekiti, akaufunga. Lakini Agatha alikuwa ametoka mlangoni, hatua kwa hatua, hakuna aliyejikwaa na hakuna aliyecheka, na jua likalala juu ya jeneza lake lote.

*

Walimzika nyuma ya nyumba, ndani ya uzio, karibu na mumewe. Watu walipoanza kutawanyika Samwel alimpitia Serafina. "Mama yako amezikwa vizuri," alisema. "Ila kwaya itakaa kikao juu ya jambo hili. Usishangae ukiitwa." Melania alimpa mkono, akaushika kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, akaenda zake bila neno.

Mabula alibaki nyuma, akijifuta jasho kwa kofia.

"Pole, dada. Yule alikuwa mayu wetu, mama yetu wote."

"Asante, Mabula. Umembeba vizuri."

"Mimi ule wimbo..." Alitafuta maneno. "Sisi tukipanda kutoka shimoni jioni ndio tunaouweka. Kila siku tunacheza. Sikujua kama ni wa kubebea mtu."

"Hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyejua."

Kijana alitikisa kichwa, kisha akauliza, si kwa ubaya, "Sasa Jumamosi si mnapiga Masumbwe? Na mimi nimealikwa kule. Ukiuanza, tutafanyaje?"

Serafina aliitazama mikono yake. Udongo wa kaburi ulikuwa umemwingia kwenye kucha.

"Mtacheza," alisema. "Na mimi nitaimba. Hela ya watu tumeshaila." Na hapo akalia, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe, kilio kikubwa kisicho na staha, mpaka Mabula akaondoka kwa kutojua afanye nini.

Uwanja ulibaki na viti vya kukodi na sufuria zinazooshwa. Masudi alifungua lango la uzio, akaingia. Alipita kando ya mkewe bila kumgusa, kiganja chake kikiwa kimevimba, akaenda mpaka nyuma ya nyumba. Hakusogea karibu. Alisimama hatua chache kutoka kwenye udongo mbichi, pale ambapo pazia lingekuwepo, akakohoa kidogo.

Kisha akangoja aitikiwe.